Kijiti cha Kiberiti mu Mashini ya Muzee Nasoro

Goma, Mapendo,
nyumba ya mulango wa kijani,
tarehe 12 janvier 2026

Mupendwa mujukuu wangu Aboubacar,

Salaam aleikum. Kwanza hujambo? Mwili unaendeleaje? Na ule mugongo uliokuwa ukikuuma juu ya kukaa ku kiti cha biro siku nzima, ulipona ao bado unasingizia? Bibi yako Ngoie, muke wako, ameamkaje? Na kale katoto kenu ka Nasoro, majina ya koko yako, babu yako, kameota meno mangapi? Nilikuuliza mu telefone ukacheka tu. Meno ya mutoto si jambo la kucheka. Nataka kujua.

Sisi huku tuko. Magoti yangu yanajua mvua kabla haijafika, lakini ninatembea, ninasali, ninakula, ninagombeza. Shangazi yako Farida ni muzima. Volkano iko pale pale, ziwa liko pale pale. Samaki sambaza za soko la Kituku zimekuwa ndogo siku hizi, ao ni macho yangu. Tangu vita ifunge benki na uwanja wa ndege, benki tumeshazoea kuishi bila yake, na ndege tumesahau mulio wake. Alhamdulilahi kwa kilichobaki.

Barua hii ninaandika kwa biki, mukono wangu mwenyewe. Ataibeba dereva wa lori, mutoto wa watu wa Kasongo, anayezunguka Rwanda na Tanzania mpaka anatokea Kasumbalesa na kufika kwenu Lubumbashi. Itachelewa, ichelewe. Maneno ya telefone yanaingia sikio hili na kutokea lile. Karatasi utaikunja, utaiweka mu mufuko, na mahali nimekugombeza utasoma mara mbili.

Sasa nikugombeze.

Ulimutumia shangazi yako sauti ku telefone ukasema: "Mwambieni Koko atupe ile kitu, imekufa, nitamutumia ingine." Nilikuwa nimekaa pale pale nikichagua maharagi. Koko ni mimi, na nilisikia. Ile kitu! Aboubacar, ile kitu ndiyo ilikuvalisha suruali ya shule. Ile kitu ndiyo uliichapia jina lako mara ya kwanza, kidole kimoja, ukasahau herufi ya katikati, na koko yako akaibandika ile karatasi ku ukuta kama vile ni diploma. Na ingine unayotaka kutuma ingepita wapi? Ingekuja imekaa ku mapaja ya nani? Nyinyi mulioenda mbali munadhani huku kila kitu ni cha kutupa, sababu munakiona kidogo.

Hukumbuki, ao unajifanya hukumbuki. Ngoja nikukumbushe.

Kabla ya ordinatere, ile kompyuta, kulikuwa na taipureta. Kabla ya taipureta kulikuwa na biki na goti. Koko yako Nasoro alianza kuandikia watu barua pale ku soko la Birere akiwa amekaa ku katoni ya sabuni, karatasi ku goti. Mutu anashuka mu gari la Rutshuru, viatu na udongo, anakaa ku benchi. "Papa, niandikie ndugu yangu wa Kisangani. Umwambie ng'ombe wamekufa, lakini usimwambie wote." Koko yako anamuuliza: "Wamekufa wangapi?" "Wote, papa." Basi koko yako anaandika: ng'ombe wamepungua.

Halafu, mbele ya kuikunja, alikuwa anaisoma barua yote kwa sauti. Wengi walikuwa wanalia kwa maneno yao wenyewe, kama vile mutu mwingine ndiye ameyasema. Pale Birere kelele za kila namna, magari, pikipiki, watu wa kubadilisha franga, lakini koko yako akianza kusoma, hata mama wa kuuza mikate alikuwa anashusha sauti.

Mimi baba yangu alinitoa shuleni deuxième primaire, darasa la pili, akasema inatosha kwa kuhesabu ndizi. Herufi zingine zote nilizipata ku ile benchi. Nilikuwa ninamuletea chai, ninasimama nyuma ya bega lake, ninasoma. Ndiyo sababu mwandiko wangu unainama upande wa kushoto. Nilijifunza nikiwa nimesimama upande. Usiucheke.

Halafu ikaja ordinatere. Kulikuwa na ofisi moja ya wazungu karibu na ziwa, ilikuwa inafunga, wakauza vitu vyao. Koko yako akauza baiskeli yake, ile ya taa kubwa, akanunua mashini. Baiskeli ikaenda, pompe yake ya kujaza upepo ikabaki, juu aliyeinunua alikuwa na yake. Tangu siku ile nyumba yetu iko na pompe ya baiskeli bila baiskeli. Wageni wanauliza, sisi hatujibu.

Iliingia mu avenyu ku chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo. Wewe ulikuwa umepandishwa juu yake, umekumbatia ekra, kioo chake, kelele kama siafu wamekuingia. Koko yako anasukuma, kofia imekaa upande. Na watu ku milango: "Nasoro ameoa tena! Nasoro anatuletea bibi wa pili!" Nilitoka na mwiko mukononi. Nikamwambia: "Akae, lakini chakula chake sipiki." Tangu siku ile nikaiita muke mwenza. Koko yako alikuwa akiuliza, "Muke mwenzako amelala?" Ninamujibu, "Huyo hachoki, anachoka wa kufua nguo zako."

Na ilikuwa na usafi wake. Unajua vumbi letu hapa, si vumbi la kwenu jekundu. Hili ni volkano iliyosagwa, jeusi, linaingia hata mu yai ambalo halijapasuka. Basi kila mwaka, Idi ikikaribia, tulikuwa tunaosha nyumba yote. Mikeka nje, mapazia nje, na muke mwenza naye nje, juu ya ule ukuta wa mawe. Koko yako anaifungua, anachukua pompe, anapuliza mpaka kila pembe. Wewe ulikuwa unachungulia karibu sana, na picha yako ya Idi mpaka leo iko pale ukutani: kanzu nyeupe, pua nyeusi.

Mwaka mumoja skrubu moja ilianguka katikati ya mawe ya lava. Mulitafuta mpaka azana ya Adhuhuri. Koko yako akachukua kijiti cha kiberiti, akakizungushia uzi wa sindano yangu, akakisukuma mu tundu. Akasema, "Kitashika mpaka nipate ingine." Hakutafuta ingine. Kila mwaka alikuwa anakitoa polepole, anakishika ku meno wakati wa kupuliza, anakirudisha.

Nikuambie tena ile ya vingt-et-un, mwaka wa 2021. Unaijua, lakini bibi yako Ngoie haijui, umusomee. Walipotuambia tuondoke muji juu volkano inaweza kutoka tena, kila mutu alibeba kinachomuuma moyo. Jirani yetu Mama Onésime alibeba mbuzi. Farida alibeba masufuria na karatasi za kiwanja. Koko yako alitaka kubeba mashini ku kichwa, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba. Nikamwambia toa hapa. Nikaifunga mu kitenge, mugongoni, nikatembea nayo kwenda Sake. Mu njia mama mumoja mwenye huruma akanifuata: "Mama, mutoto ni mugonjwa? Mbona halii?" Nikamujibu, "Huyu analia akipewa kuran ya umeme tu." Koko yako alicheka mpaka akakaa chini barabarani, watu wanakimbia, yeye anacheka.

Hicho ndicho kicheko chake ninachosikia mpaka leo. Mwaka uliofuata alitutoka, baada ya Idi. Wewe ulikuwa Lubumbashi na mitihani yako. Hukuweza kuja. Nilikusamehe, lakini sikusahau, hivyo ni vitu viwili.

Nilipokaa eda, nilikaa mu chumba kile kile na mashini. Nguo nyeupe, mulango umefungwa, wanawake wanakuja kunisalimia na kwenda. Nikaiangalia pale ku kona. Nikasema, na huyu naye ni mujane. Mujane anafunikwa. Nikachukua uzi na kulabu, nikamufumia kitambaa. Si vile vidogo vya ku viti. Kikubwa, cheupe, cha maua ya pembe sita, kinaanzia kichwani mpaka chini, nyuma na mbele, na mbele kuna kamulango ka kuinua Farida akitaka kubonyeza. Kila mutu aliyeingia alikisifu. Mama Onésime alitaka nimufumie kama kile, nikakataa.

Na nikasema hakuna wa kuifungua tena. Mukono wa mwisho ulioifunga ni wa Nasoro. Kijiti kile alikisukuma yeye. Kikae.

Farida akarithi kazi. Meza iko ku barza yetu, kibao bado kinasema SEKRETARIA NASORO. Karatasi za shule, matangazo ya matanga, maombi ya kazi, envitasyo za kualika watu ku sherehe. Kazi ilikuwa inatulisha. Lakini muke mwenza akaanza kuchoka. Asubuhi Farida anamuwasha, mimi ninaweka chai, chai inachemka, ninakunywa, ninaosha kikombe, na kale kaduara bado kanazunguka ku ekra kama mbwa anayetafuta pa kulala. Ukiandika herufi leo inatokea kesho. Tena inaunguruma, na ukiweka mukono juu ni joto kama mugonjwa wa malaria. Wengine walisema imelogwa. Niliisomea Ayatul Kursi. Muchana ule ilienda vizuri kidogo, sitasema uongo. Kesho yake ikarudia tabia.

Watu wakaanza kupita mbele ya barza bila kusimama. Wanasalimia, wanaenda kuchapisha pengine. Mutu wa Goma hana ubaya, lakini hana muda.

Sasa mwezi uliopita, Mama Onésime akatuletea kazi kubwa: envitasyo za harusi ya binti yake Julie. Ndiyo, yule Julie. Usikohoe. Anaolewa na kijana mumoja wa Masisi anaitwa Théoneste, fundi wa mbao, mupole, anainama akisalimia. Mama Onésime angeweza kwenda pengine, lakini alisema koko yako ndiye aliandika barua ya mahari yake yeye mwenyewe, basi ya binti itoke ku mashini ile ile. Umesikia heshima hiyo?

Farida alijaribu siku tatu. Anaweka maua pembeni, mashini inalala. Anaandika jina la bwana harusi, inazima. Siku ya tatu Mama Onésime akaja, akasimama pale ku barza, mikono kiunoni, akaangalia kaduara kanavyozunguka.

"Mama Farida," akaniambia, "hii harusi ni ya Julie, ao ni ya mutoto wa Julie?"

Wateja wawili walikuwa ku benchi, wakacheka. Nilimwambia harusi nzuri haina haraka. Akasema, "Ndiyo, lakini padri ana tarehe." Akatupa mpaka Ijumaa.

Alipoenda, Farida akazima mashini. Hakukasirika, ndiyo iliniogopesha. Akasema: "Mama, karatasi za Julie zisipotoka, hii ninaiuzia watu wa vyuma chakavu. Kibao cha Papa nitakishusha mwenyewe, polepole, sitakivunja. Nitaenda Rutshuru kununua maharagi na kuuza kama wenzangu." Nilivuta ungo wa maharagi, nikaanza kuchagua.

Ndiyo sauti yako ilipofika. "Mwambieni atupe." Umeona sasa ulivyochagua siku?

Asubuhi Farida akaita Guylain, kijana wa Birere anayetengeneza telefone na ordinatere, ana kibanda karibu na pale koko yako alikuwa anakaa. Aliingia, akasalimia vizuri, akaangalia kitambaa changu kuanzia juu mpaka chini, akashika mudomo.

"Koko, sasa mashini inapumulia wapi?"

"Ninapumua mimi."

"Hapana, koko, kweli. Nyuma kuna matundu ya kutoa joto, mumeyaziba. Ikipata joto sana inajipunguza mwendo yenyewe, isiungue. Na wewe nikikufunga blanketi kichwani, utakimbia?"

"Mimi nilikimbia volkano na hii mashini mugongoni, wewe ukiwa bado unavuta suruali isianguke."

Farida akacheka, Guylain naye. Lakini alipotoa bisibisi, nikasimama mbele yake. Nikasema kitambaa toa ukitaka, lakini kufungua hapana. Muzee aliifunga. Guylain akasema bila kuifungua hawezi kufanya kitu. Nikasema basi nenda, chai utakunywa siku ingine.

Hapo Farida akaniita pembeni. Unajua shangazi yako hasemi sana, amefanana na baba yake. Akasema: "Mama, wewe eda yako iliisha. Ulioga, ukavaa kitenge cha rangi, ukaenda Kituku kununua samaki. Huyu wako, eda yake itaisha lini?"

Aboubacar, nilirudi nikamumiminia Guylain chai yake. Kisha nikatoa kitambaa mwenyewe, nikakikunja mara nne. Nikamwambia Guylain, fungua, lakini kijiti nitakitoa mimi.

Nilikitoa kwa kucha. Uzi wangu ulikuwa bado umekaa vizuri, mweusi.

Ndani! Mungu wangu. Vumbi limelala kama kahawa mu kinu. Kafeni ka ndani, kale ka kupuliza hewa, kamevaa manyoya. Familia ya mende, baba, mama na wajukuu, wote wakatoka bila kuaga. Guylain akatafuta brosi. Nikamwambia ngoja wewe. Nikaenda nyuma ya mulango, nikaleta pompe. Tukaibeba mpaka ku ukuta wa mawe, nikapuliza. Nilipuliza mimi, na magoti yangu haya. Guylain ameshika kafeni kwa kidole, anasema kasizungushwe na upepo katavunjika, ninamwambia najua, nilikuwa ninaona kabla hujazaliwa. Vumbi likapanda, likanivaa uso. Farida akaniangalia, akasema, "Mama, pua." Sikujua kama ninacheka ao ninalia, na sikuona haja ya kuuliza.

Sasa nikueleze dawa zenyewe, usije kusema Koko alidanganywa. Kafeni kalipopata hewa, Guylain akapaka dawa mpya nyeupe, kama ya meno, pale ku moyo wa mashini panapopata moto. Kisha akasema mashini ina bareti ndogo. Nikamwambia sema kama mutu. Akasema bareti ni meza ya kufanyia kazi. Yenu ni ndogo, Farida akitaka kuweka bwana harusi inabidi kwanza amushushe bibi harusi. Akaongeza moja aliyoitoa ku ordinatere iliyokufa mu kibanda chake. Ikaingia, ta!, kama jino.

Tena disike. Ile ya zamani ni sahani inayozunguka, sindano inatafuta, kama santuri za koko yako. Imezeeka, inatafuta neno moja vile mimi ninatafuta miwani. Akaweka ingine ya SSD, ndogo kama kipande cha sabuni, ilikuwa mu laptop iliyovunjika ekra. Haina kinachozunguka. Ile ya zamani hakuitupa, umesikia? Hakuitupa. Aliifanya ghala, ya kuweka vitu visivyo na haraka.

Na akakuta kila asubuhi mambo mengi yanaamka pamoja, kama nyumba ya wageni kumi na choo kimoja. Kumbe kulikuwa na antivirusi mbili. Moja aliweka Farida. Moja, bwana ordinatere wa Lubumbashi, uliweka wewe likizo ile uliyokuja, ukaenda bila kusema. Askari wawili ku mulango mumoja, wanakamatana wao kwa wao, mwizi anapita katikati. Akabakiza mumoja. Wako ndiye alifukuzwa.

Mbele ya kuhamisha vitu kwenda ghalani, Farida akasema kuna vingine vya kufuta, vimejaa. Nikamwambia soma kwanza. Akawa anasoma majina, mimi ku mukeka ninasikiliza. Matangazo ya matanga ya Hajji wa msikiti wa chini. Envitasyo ya ubatizo wa mapacha wa dukani, sasa wako na ndevu. Barua ya mutu wa Masisi anayelalamikia chifu juu ya ng'ombe mweupe aliyepotea, kurasa nne, na mwisho anasema ng'ombe amerudi mwenyewe lakini barua itumwe tu. Watu waliohama, watu waliokufa, watu ambao sijui. Muji wote ulikuwa mule ndani, Aboubacar, umelala chini ya kitambaa changu. Kila jina niliona koko yako na vidole vyake viwili, anapiga, anasimama, anauliza, "Unataka kusema hivyo kweli?"

Hatukufuta hata mumoja. Filamu zenu za kupigana ndizo tulifuta, na michezo.

Na tukakuta barua yako. "Mupendwa Julie, moyo wangu ni kama radio bila batri." Nilimwambia Farida asome mara mbili. Na Mama Onésime alikuwa ameingia kuangalia kazi. Akasikiliza yote, akasema, "Angeituma, labda leo ningekuwa ninakudai mahari wewe." Usiogope, bibi yako Ngoie asikasirike. Ulikuwa na miaka kumi na mbili. Lakini radio bila batri!

Farida akabonyeza. Nikaweka chai ku makala ya moto. Aboubacar, maji hayakuwa hata na moshi, ekra ikawaka, imetulia, inasubiri. Kimya. Ile ngurumo imekwisha. Nilikimbilia kushika juu yake: baridi, kama paji la mutoto aliyeamka kutoka homa. Envitasyo zilitoka Alhamisi jioni, na maua pembeni, na majina mawili mu mustari mumoja. Mama Onésime alichukua moja, akaiweka ku kifua. Hakusema neno la kejeli. Ndipo nilijua zimetoka vizuri.

Sasa benchi imejaa tena. Jana mama mumoja alitaka barua kwa mutoto wake aliye mbali, Farida akaichapa, halafu akaisoma yote kwa sauti mbele ya kuikunja. Hakuna aliyemwambia. Nilikuwa ndani ninasonga ugali, nikaacha mwiko.

Utauliza tulimulipa Guylain na nini. Anaoa mwaka huu na yeye, nyumba ni tupu, bibi yake mutarajiwa anataka salo ya kupendeza ya kupokelea wageni. Aliomba kitambaa. Nilikaa nacho usiku mumoja, asubuhi nikakipiga pasi, nikampa. Kiko ku kabati yake ya vyombo, vyombo havipumui. Na usije kusema Koko aliziba mashini. Kitambaa kilikuwa kizuri. Mashini ndiyo haikujua kuvaa.

Usitume ingine. Ukiituma nitaiuza na nitanunua baiskeli, pompe ipate mwenzake.

Nisalimie baba yako Jafari. Mwambie mama yake bado anaona vizuri, hasa makosa. Nisalimie bibi yako Ngoie, nisalimie wazazi wake ambao sijawashika mukono, nisalimie kale ka Nasoro ku meno yake yote. Farida anakusalimia, Mama Onésime anakusalimia, na Julie pia, na anacheka.

Sasa sikia la mwisho. Guylain alipokuwa anafunga, aliweka skrubu tatu, akatoa ya nne mu mufuko, mpya, inang'aa, akataka kutupa kijiti. Nilimushika mukono. Skrubu yake nilimurudishia. Kijiti kile na uzi wake nimekifunga mu karatasi, kiko mu kikopo cha tasbihi ya koko yako. Tundu la nne liko wazi. Vumbi litaingia pale kidogo kidogo, ninajua, usinifundishe. Liache liingie. Idi ikikaribia tutaibeba tena mpaka ku ukuta wa mawe. Pompe iko nyuma ya mulango. Mukono wa mwisho uliosukuma kijiti kile ni wa koko yako, na mimi sitakisukuma, wala Farida, wala fundi. Unaofuata ni wako. Njia ni ndefu na ina mizunguko, ninajua na hiyo, lakini ile ile ambayo karatasi hii imepita, mutu na bibi yake na mutoto pia wanapita.

Mungu akufungulie barabara mbele yako, akufungie mabaya nyuma, akuletee nyumbani ukiwa muzima na pua safi, tuichafue sisi.

Mimi koko yako ninayekupenda, hata pale ninapogombeza,

Mama Farida